Neno Nililomsahihisha Nesi

Mama yangu alikuwa na mikono iliyojulikana Unguja mtaa mzima. Mwanamke akishajifungua tu, hata mkunga hajafungasha vitu vyake, mtu hutumwa kwetu mbio kumwita. Alikanda kwa maji moto, akachua mgongo na miguu, akafunga tumbo kwa mkaja mpaka mzazi akalalamika, kisha akasimamia arobaini yote kwa ukali ambao hata waume wa wenyewe waliuogopa. Alijivuna kwamba hajawahi kumpoteza mzazi mikononi mwake. Alilisema hilo mara nyingi, na mimi nilichoka kulisikia.

Tulipofika Matrah, Omani, mwaka 1964 tulikuwa watatu: mama, dada yangu na mimi. Mume wa dada alitufuata miezi michache baadaye. Nyumba na vilivyokuwamo tuliviacha Unguja. Mama alikuja na mikono yake. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba na nilikuja na Kiarabu changu, au ndivyo nilivyojidanganya.

Nilikuwa nimekhitimu Qur'ani mara mbili. Mwalimu wangu wa chuoni alinisifu kwa matamshi mbele ya wenzangu, nami sifa ile niliiweka kichwani ikakaa. Nikiitamka herufi ya ghaini inatoka kooni hasa, si kama wale wanaoipitisha puani. Dada Kiarabu chake kiliishia kwenye salamu, na mama hakuwa nacho kabisa. Majirani walitucheka. Waarabu gani hawa hawajui Kiarabu? Basi mimi nikawa ulimi wa nyumba. Tukienda sokoni, tukienda kwa karani wa serikali, mama alinisukuma mbele na kusema, "Haya, msemeshe."

Kwa kweli nusu ya niliyoambiwa sikuifahamu. Kiarabu cha Matrah hakikuwa cha msahafu. Herufi ya jimu waliifanya ga, maneno waliyakata mikia, na walisema haraka kama wanaogombana. Nilichokikosa nilikijaza mwenyewe, na kwa kuwa nyumbani hapakuwa na wa kunihakiki, nikazoea. Siku moja nilimwambia mama kwamba mke wa mwenye nyumba katualika chakula cha mchana. Tukavaa, tukajitia udi, tukaenda kugonga mlango wa pili wa ua. Kumbe yule bibi alikuwa ametuambia tuondoe ndoo yetu ya maji machafu njiani. Alitupa chakula hata hivyo, Mungu amrehemu, na kisa kile akakisimulia soko zima. Mama alicheka. Mimi sikucheka. Kosa dogo kama lile lilitakiwa kunifunza kitu, wala halikunifunza.

Dada akashika mimba. Mimba ilipofika miezi mitano mumewe alikwenda Kuwait kutafuta kazi, akatuachia sisi amana ile. Mama tangu hapo hakuwa na neno jingine. Tumepoteza nyumba, tumepoteza watu, alikuwa akisema, huyu sitampoteza. Dada alijifungua nyumbani mwezi wa Julai 1965, mtoto wa kiume, kwa salama, na mama akashika zamu yake.

Asiyewahi kukaa Matrah mwezi wa Julai bila ya umeme siwezi kumweleza. Kuta zenyewe zilitoa joto. Na juu ya joto lile mzazi alifungiwa mlango asipigwe na upepo. Maji baridi marufuku, alikunywa uji wa pilipili manga na maji ya uvuguvugu, tena kidogo kidogo. Mguu kutia chini marufuku, ila kwa haja. Alilala chali na mkaja wake tumboni, jasho likimtoka mpaka godoro likalowa, na kila asubuhi mama alimkanda na kumchua. Hayo yote yalifanywa kwa mapenzi. Nayasema ili ieleweke kwamba hakuna mtu mle ndani aliyefanya uzembe, ukinitoa mimi.

Siku ya kumi dada alisema shavu la mguu wa kushoto linamuuma.

"Uchovu wa kulala," mama akasema. "Damu imelala tu hiyo."

Siku ya kumi na moja mguu ulikuwa umevimba mpaka gotini. Siku ya kumi na mbili ulifika pajani, ngozi imevutika, nyeupe, inang'aa, na ukiushika ni wa moto. Wa pili ulikuwa kama kawaida. Mama alikaa kitandani akautazama mguu ule kwa muda mrefu, na nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona usoni mwake hata siku tulipoondoka kwetu. Aliogopa.

"Wazazi huvimba miguu," alisema taratibu. "Lakini huvimba yote miwili. Mmoja peke yake sijauona mie tangu nizaliwe. Kesho asubuhi nenda hospitali ukawaulize. Uwaeleze vizuri, mwanangu. Usiache kitu."

Kwa hiyo mama hakuwa mshamba wala mbishi. Alipofika mwisho wa ujuzi wake alijua kuwa amefika mwisho, akatuma mtu. Bahati mbaya alinituma mimi.

Hospitali ilikuwa mwendo wa robo saa kutoka kwetu. Nilipofika, baraza lilikuwa limejaa wanawake na watoto, wengine wamekaa chini. Nesi alisimama mlangoni akituuliza mmoja mmoja. Ilipofika zamu yangu nilianza kwa Kiarabu changu cha msahafu, na mwanamke mmoja nyuma yangu akacheka. Nikahisi masikio yanawaka moto. Nikaendelea. Nesi aliniuliza: mguu mmoja au miwili? Una joto? Amezaa lini? Nilipomjibu, alikunja uso.

"Hadhi galta," alisema, yaani hii ni galta. "Mleteni leo. Leo hii."

Kisha akasema maneno mengine ya haraka haraka, huku akipitisha kiganja kwenye muundi wake mwenyewe, toka chini kwenda juu. Ndani mtu akamwita. Akageuka, akinitazama bado, kama anayengoja nijibu.

Ningeweza kuuliza. Ningesema tu "rudia, bibi," akarudia, hata mara kumi. Lakini yule mwanamke nyuma yangu alikuwa bado anatabasamu, na mimi nilikuwa bingwa wa chuoni. Nikasema, "Fahimtu." Nimefahamu. Nikaondoka.

Njiani nikaanza kuligeuza lile neno. Galta. Neno kama hilo sikuwahi kulisoma popote. Nikamkumbuka nesi na nguo yake iliyotariziwa kifuani, nikamdhania Mbulushi, mtu wa asili ya Baluchistani, na wakati ule nilishajua kwamba Wabulushi wengi ghaini haiwatoki, huifanya ga. Hapo ndipo nilipolipata, na nilifurahi, naapa nilifurahi nikiwa peke yangu katikati ya njia. Alikusudia ghalta. Ghalati, kosa. Mguuni mna kosa lililofanyika. Nikamsahihisha kimoyomoyo kama mwalimu wangu alivyokuwa akiwasahihisha watoto wadogo.

Nesi, nilikuja kujua baadaye, hakukosea hata herufi moja. Galta ndivyo watu wa Maskati wanavyolisema jalta, na jalta ni damu iliyoganda ikawa donge. Alikuwa amenambia kwamba katika mguu wa dada yangu mna donge la damu. Na yale maneno ya haraka, aliyoyasema huku akipitisha kiganja kwenye muundi, maana yake ilikuwa: msimchue.

Mama alinipokea mlangoni.

"Kasemaje?"

"Kasema pana ghalati mguuni."

"Ghalati?" Alirudi nyuma hatua moja. "Ghalati ya nani?"

"Hakusema. Akafanya hivi." Nikapitisha mkono kwenye muundi wangu, toka chini kwenda juu.

"Achuliwe?"

Hapa napo nilikuwa na nafasi. Nilikuwa naweza kusema sijui. "Ndiyo," nikasema. "Kisha tumpeleke. Kasema leo."

Mama alikaa juu ya kizingiti. Ni yeye aliyemchua dada tangu siku ya kwanza, hakuna mwingine aliyeugusa mguu ule. "Basi ghalati ni yangu," alisema. "Nimebana pasipo pahala pake, damu imekwama. Sasa ntampeleka vipi mzazi wa siku kumi na tatu, juani, na mguu hauwezi kuukanyaga? Wacha kwanza nilitengeneze nlilolikosa. Kesho ukiwa haujapungua, tutampeleka hata kwa kubebwa."

Alipasha mafuta ya ufuta, ya nazi hayakupatikana. Akaanza na kifundo, taratibu, akipanda. Dada aliuma upindo wa kanga.

"Mama, basi. Mama, basi jamani."

"Vumilia, mwanangu. Nlikosea, naliondoa kosa langu."

Mimi nilimshika dada mikono ili asimzuie mama. Hilo nalo niliseme, kwa sababu katika miaka yote nililoliona baya zaidi kuliko hata lile la neno ni hilo, kwamba alinitazama akinitaka msaada na mimi nikamkaza mikono. Mama alisema amegusa kitu kigumu ndani, kama kamba, nyuma ya goti. Kesho, alisema, akimaliza shughuli, atakivunja.

Shughuli yenyewe ilikuwa akika ya mtoto. Ilikuwa ifanywe siku ya saba, lakini mjomba, kaka yake mama aliyetufuata baadaye kutoka Unguja, ambaye ndiye wa kuchinja, alikuwa safarini, ikasogezwa hadi siku ya kumi na nne. Alikuja asubuhi na mbuzi wake. Dada alisema hakulala, mguu unampiga kama moyo. Mama alimwambia avumilie, wageni wakishahudumiwa tu atakuja, kisha apelekwe hospitali. Kisha akaona hawezi kungoja, akaniachia mimi mambo ya nje, akaingia na kibakuli chake cha mafuta ya moto.

Mbuzi alichinjwa uani, juu ya mawe karibu na mlango. Mjomba na mwenye nyumba wakamvuta pembeni kumchuna. Damu ilibaki juu ya mawe ikiwa nyekundu, na kwa mchomo ule wa jua ilianza kubadilika mbele ya macho. Mke wa mwenye nyumba alikuja na ndoo.

"Leta maji mengine," aliniambia, "tuoshe upesi, isije ikafanya galta."

Nikasimama. "Ghalta?" nikauliza, kwa ghaini yangu nzuri.

"Ghalta ni wewe!" Akacheka sana, kisa cha chakula cha mchana kilimjia tena. "Galta, binti. Galta!" Akaokota kijiti, akakitia ukingoni mwa damu iliyokwisha kuanza kushikana, akanyanyua. Ikanyanyuka kipande, nyeusi, nzito, ikaning'inia kwenye kijiti ikitikisika kama ini. "Hii. Damu ikishikana. Kwenu mnaiitaje?"

Nilikuwa nakitazama kile kipande na nausikia mkono wa mama ukipanda, toka kifundoni kwenda gotini, kwenda kwenye ile kamba. Kila kitu kilijipanga mara moja, uso wa nesi uliokunjika, kiganja chake, macho yake yaliyokuwa yanangoja jibu. Niliangusha ndoo. Ule ua una hatua kumi na mbili, na sikumbuki hata moja.

Mama alikuwa amepiga magoti, mguu wa dada umelala juu ya mapaja yake, mafuta yamempanda mpaka kwenye viwiko.

"Mama, acha!"

"Toka hapo, bado kidogo, nshakipata."

"Acha! Toa mikono! Itoe!"

Nikamsukuma. Nilimsukuma mama yangu mzazi kifuani, kibakuli kikapinduka. Alinitazama kwa ghadhabu ambayo sijaiona tena, akanyanyua mkono kunipiga, na haki ilikuwa yake. Hakunipiga kwa sababu dada aliinuka. Alikaa wima ghafla, mkono mmoja kifuani, akawa anafungua mdomo kama anayetaka kusema na sauti haitoki.

"Pumzi," alisema mwishowe. "Mama, pumzi haiji."

Midomo ikawa ya majivu. Alikohoa mara mbili, akaitazama kanga aliyozibia mdomo. Palikuwa na damu.

Mjomba na mwenye nyumba, na wanaume wawili wa uchochoroni, walimtoa pamoja na kitanda chake cha kamba. Gari hatukuwa nalo wala hatukumjua mwenye nalo. Wakambeba mabegani, juu ya utosi jua la saa sita, wageni wa akika wakisimama kando kutupisha. Mimi nilitangulia nikikimbia na kupiga kelele watu wapishe, kwa Kiswahili, Kiarabu chote kilikuwa kimenitoka. Mama alifuata nyuma, hana viatu, kamkumbatia mtoto, mikono yake bado ina mafuta. Nilikuwa nageuka kila mara kutazama kama kifua cha dada kinapanda. Kilikuwa kinapanda, lakini kwa haraka na kwa udogo, kama cha ndege aliyeshikwa.

Daktari alikuwa mwanamke wa Kizungu, mtu mzima, anayesema Kiarabu taratibu sana, neno moja moja. Angekuwa yeye mlangoni siku ile, ningefahamu yote. Alimsikiliza kifua, akaugusa mguu kwa ncha za vidole tu, akaagiza sindano. Tukatolewa nje. Nesi yule yule alipita na trei, akaniona, akanikumbuka, akaenda zake.

Siku tatu hakuna aliyetuambia kama atapona. Alidungwa sindano mchana na usiku, za kuifanya damu iwe nyepesi. Mama alikaa sakafuni kando ya mlango, mtoto akiletwa na kupelekwa kwa jirani aliyekuwa akinyonyesha. Hakula. Aliniuliza mara moja tu kwa nini nilimsukuma, nikamwambia nilihisi vibaya. Nilihisi vibaya! Nikalala pale pale pembeni yake na uongo wangu.

Siku ya nne dada aliomba chai. Daktari alikuja, akakaa juu ya kiti, akatutazama mama na mimi kwa zamu, akaeleza. Mwanamke akishashika mimba, alisema, damu yake inaanza kuganda upesi, na kadiri siku za kuzaa zinavyokaribia ndivyo inavyozidi. Ni hekima ya Mungu, ili akizaa jeraha lijifunge na roho isimtoke kwa kuvuja. Lakini damu hairudi hali yake siku anayozaa. Hukaa hivyo kiasi cha wiki sita. Mzazi akilazwa bila ya kusogea, katika joto, bila ya maji ya kutosha, damu ya miguuni inasimama, na ikisimama inaganda. Donge likikatika husafiri mpaka kwenye pafu. La huyu lilikatika kipande kidogo. Kingekuwa kikubwa, tusingekuwa tunazungumza.

Nilifasiri kila neno, na safari hii sikujaza kitu. Mama alihesabu kwa vidole.

"Wiki sita ni arobaini," alisema. "Mwambie sisi tunazijua siku hizo. Ndizo tunazomlaza."

Nikamwambia. Daktari akatikisa kichwa, bila ya dharau. Ndizo siku ambazo anatakiwa atembee, alisema.

Kisha akauliza, "Nani aliyemchua?"

Nilipolifasiri, mama alinyanyua mkono kama mtoto wa chuoni aliyeulizwa nani kavunja kalamu. Daktari akanitazama mimi, si yeye. "Nesi aliwaambia msimchue," alisema. "Alimwambia yule aliyekuja. Kwa nini mlimchua?"

Mama akanigeukia. "Anasemaje?"

Katika maisha yangu nimekosea mara nyingi kwa kutojua, na makosa hayo nimeyatubu bila ya shida. Hili nililijua. Nililiona lote mbele yangu, kama unavyokiona kisima kabla hujatumbukia.

"Anasema mguu kama ule hauchuliwi," nikasema.

Mama aliinamisha kichwa. "Mwambie sikujua," alisema. "Mwambie mie nna miaka thelathini na kazi hii na sikujua."

Nikamwambia daktari hivyo, naye akampapasa mama bega.

Dada alikaa hospitali wiki tatu, akarudi na mguu umefungwa bendeji. Ulipungua, lakini haukurudi. Mpaka leo ni mnene kuliko mwenzake na jioni unamuuma. Hakumlaumu mama hata kwa neno moja. Ila tangu siku ile alimkwepa kidogo. Akiwa anaumwa kichwa alifungwa kitambaa na mtu mwingine, akiwa na mtoto mgonjwa alimpeleka kwa jirani. Mama alikuwa anaona. Wazazi wengine wa kwetu waliofika Matrah walikuja kumwita, kina fulani wa Malindi ya Unguja, kina fulani wa Ng'ambo, na yeye akawajibu kwamba mikono inamtetemeka siku hizi. Haikuwa inatetemeka. Alikuwa anakaa nayo mapajani, imefumbwa, na mimi nikipita mbele yake nilitazama pembeni.

Miaka minne niliishi hivyo. Mtu atauliza kwa nini sikusema. Kila siku niliyoiacha ilifanya inayofuata iwe nzito zaidi, sina jibu jingine.

Niliolewa, na mwaka 1969 nikajifungua binti, katika hospitali ile ile. Kwa ajili ya yaliyompata dada walinitazama kwa makini, wakanifunga bendeji miguu yote miwili, na siku ya pili wakaniambia nitembee. Nikarudi kwa mama kukaa arobaini, nyumba ile ile ya ua. Mlango ulikuwa wazi na gudulia la maji baridi liko karibu na kichwa changu, mama mwenyewe ndiye aliyeliweka. Alipika, aliosha nguo za mtoto, alimbeba mtoto. Mimi hakunigusa. Kunikanda tumbo alimwita mwanamke mwingine, akakaa kwenye pembe ya chumba akimtazama anavyokosea.

Siku ya tano shavu la mguu wangu wa kulia liliuma. Huenda ilikuwa bendeji tu. Nikaukumbuka wa dada. "Mama," nikasema, "hebu n'tazamie mguu."

Alisimama, akaja mpaka ukingo wa kitanda, akanyoosha mkono. Ulifika nusu ukarudi. Akaufumba.

"Ntakuitia mtu," alisema. "Mie mkono wangu hauna kheri."

Hapo nikashindwa. Nilimwambia yote, toka yule mwanamke aliyenicheka barazani mpaka ghaini, mpaka kile kijiti na damu, mpaka kitanda cha hospitali. Nilisema bila ya kupumzika, nikilia. Nilipomaliza alikaa ukingoni mwa kitanda. Aliuliza jambo moja.

"Yule daktari alisemaje? Pale alipokutazama."

"Alisema kwamba nesi..."

"Usinifasirie." Sauti yake ilikuwa chini kabisa. "Liseme lilivyokuwa. Miaka mitano niko soko la Matrah, Kiarabu nakisikia sasa."

Nikalisema kwa Kiarabu, neno moja moja, kama lilivyosemwa. Lilikuwa limekaa kichwani mwangu muda wote bila ya kupotea hata herufi. Mama alisikiliza huku midomo yake ikifuatisha. Kisha akaniingiza mkono kwapani, akanivuta nikasimama.

"Tembea," alisema.

Alinizungusha ule ua mara nyingi, sikuhesabu. Alinishika juu ya kiwiko kwa nguvu mpaka vidole vyake vikabaki kwenye ngozi yangu. Mguu ulipoa baada ya siku mbili, haukuwa na kitu. Hakunisemesha muda wote ule ila neno hilo hilo, asubuhi na alasiri, tembea. Siku ya nane alimwita dada, akamkalisha, akaniambia, "Haya. Msemeshe."

Nikamwambia dada. Alisikiliza kamkalisha mwanawe wa miaka minne pajani, mguu wake mnene kaunyoosha mbele. Nilitegemea anitukane. Nilitamani anitukane. Aliniacha mimi, akamgeukia mama, akamtazama sana.

"Mie miaka yote hii," alisema, "nnaamka asubuhi, nnamsamehe mama. Kila siku nnaanza upya, maana hasira hainitoki. Kumbe si yeye?"

Mama ambaye hakulia hospitali, wala siku niliyomwambia, alifunika uso kwa mikono yake miwili.